Tanga la Jahazi na Bawa la Ndege

Miongoni mwa maswali yanayoletwa baada ya darsa za akina mama, liko moja ambalo jawabu lake halimo katika vitabu vya fiqhi. Nalo ni hili: eropleni, pamoja na uzito wake wote na watu waliomo ndani, imeshikwa na nini kule juu?

Swali hili si la mchezo. Yuko mama mmoja wa visiwani kwetu, binti wa nahodha na mke wa nahodha, aliyeandikiwa matibabu Nairobi. Wanawe wakamkatia tiketi ya kutoka Manda, safari isiyotimia saa mbili. Akakataa katakata. Akavuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi, akasafiri mchana na usiku juu ya ugonjwa wake, kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, basi lina ardhi chini yake na ndege haina kitu. Wako na wengine, mali wanayo na afya wanayo, Hija imekwisha kuwawajibikia, na kila mwaka huisogeza mbele kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wakiulizwa hutaja sababu nyingine.

Mtu wa namna hiyo tumezoea kumwambia atawakali, na ni neno la haki. Ila yule mwenye ngamia aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) hakuambiwa atawakali na ngamia wake yu huru, aliambiwa amfunge kwanza. Kuijua kamba ya ngamia, yaani kuzijua sababu ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka katika viumbe vyake, huutuliza moyo kuliko kuambiwa tu usiogope. Makala haya basi ni ya kueleza kamba. Nami nitaieleza kwa chombo ambacho kila nyumba ya Lamu yakijua, nacho ni jahazi, kwani mama yule tangu utotoni mwake amelala juu ya chombo kinachokwenda kwa sababu ile ile inayoipandisha ndege, wala hakukiogopa.

Tuanze na hilo neno lake, kwamba chini ya ndege hakuna kitu. Chini ya ndege kuna hewa, na hewa ni kitu. Twaisahau kwa kuwa haionekani, lakini uzito inao: hapa usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa yapita kilo moja. Chukua chumba cha urefu wa mita nne, upana wa mita tatu na dari ya mita tatu. Hewa iliyomo ndani yake ina uzito wa kilo 40 hivi, sawa na mtoto wa miaka kumi na miwili. Na hewa yote iliyorundikana juu yetu, kuanzia ardhini mpaka mwisho wa anga, hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito wa tani 10. Hatuuhisi mkandamizo huo kwa kuwa uko pande zote, nje ya miili yetu na ndani yake, kama samaki asivyouhisi uzito wa bahari. Hewa hiyo ikianza kutembea ndipo tunapoiona kazi yake. Kusi ikishika nguvu hung'oa makuti, huinamisha minazi, na huichafua bahari hata mashua ndogo zisitoke. Mwenye kuishi kisiwani hana haja ya kuthibitishiwa kuwa upepo una nguvu.

Sasa tulitazame tanga. Wengi hudhani kwamba upepo huendesha chombo kwa namna moja tu, nayo ni kukisukuma kwa nyuma. Namna hiyo ipo. Ndiyo iliyoiendesha mitepe ya wazee wetu wa Pate na Ubajunini, vile vyombo vilivyoshonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lao lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mkeka ule uliukinga upepo kama mtu anavyoitega kanga yake kwa mikono miwili ufukweni. Upepo ukiwa nyuma, mtepe ulikwenda vyema. Ukigeuka mbele, nahodha hakuwa na hila kubwa. Jahazi ni jambo jingine. Tanga lake ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali iliyolala kimshazari juu ya mlingoti, nalo huweza kwenda bisho. Upepo watoka mbele kwa ubavuni, na chombo chaenda mbele hata hivyo, kikipinda huku na kule mpaka kifike kule kule upepo unakotoka. Aliyesimama gatini siku za Maulidi akayatazama mashindano ya vyombo ameliona jambo hili kwa macho yake. Je, hapo upepo wasukuma nini? Lau kazi yake ingekuwa ni kusukuma tu, chombo kingerudi nyuma.

Siri yake imo katika umbo. Nahodha akivuta demani kwa kiasi, tanga halibaki bapa. Hujaa, likafanya tumbo upande mmoja. Upepo ukilifikia hugawanyika. Ule unaopita upande wa tumbo huufuata mviringo wa nguo, mwendo wake ukazidi na mkandamizo wake ukapungua. Ule wa upande wa ndani hukawia, na mkandamizo wake ukawa mkubwa kuliko wa nje. Kwa hivyo tanga husukumwa kutoka ndani kwenda nje. Tazama pia upepo wenyewe: ukiliacha tanga hauelekei tena kule ulikokuwa ukielekea, bali umegeuzwa njia. Nacho kitu hakigeuzwi njia bila ya kusukumwa, na kila kisukumwacho hukisukuma kinachokisukuma. Isaac Newton, Mwingereza, aliiandika kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1687. Lakini kila mvulana wa Matondoni aliyewahi kushika pondo aijua, kwamba ukiusukuma mchanga nyuma, mashua huenda mbele. Sehemu kubwa ya nguvu ya tanga huelekea ubavuni, ndiyo maana chombo hulala na mabaharia wakakimbilia kwenye ule ubao utokezao upande wa upepo ili wakisawazishe kwa uzito wa miili yao. Mkuku na mbavu zilizomo majini hukizuia kisiende kando. Nguvu inayosalia ndiyo inayokipeleka mbele.

Basi bawa la ndege ni tanga lililolazwa.

Lichukue tanga lililojaa, ulilaze mpaka tumbo lake lielekee mbinguni, na ile nguvu iliyokuwa ikikilaza chombo ubavuni sasa itaelekea juu. Tofauti ni moja. Jahazi hungoja upepo uje, na ndege haingoji: hujitengenezea upepo wake kwa kukimbia. Zile rafadha tunazoziona zikizunguka mbele ya ndege za Manda hufanya hewani kazi ile ile inayofanywa na rafadha ya boti majini. Huitupa hewa nyuma, na ndege ikaenda mbele. Ikienda mbele kwa kasi ya kutosha, upepo juu ya mabawa huwa mkali kuliko kusi ya aina yoyote tuliyopata kuiona, na bawa likainuka. Na nguvu hiyo ya kuinua haiongezeki polepole. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kwa sababu hiyo ndege hukimbia ardhini kama gari zito, kisha kwa ghafla ikawa nyepesi.

Hapa sina budi kusahihisha jambo wanalosomeshwa watoto wetu, nalo limo hata katika vitabu vingine vya shule. Husemwa kwamba hewa ya juu ya bawa ina njia ndefu zaidi, kwa hivyo hulazimika kukimbia ili ikutane na ile ya chini kwenye ukingo wa nyuma kwa wakati mmoja. Sivyo. Baina ya hewa mbili hizo hapana miadi. Vipimo vimeonyesha kwamba ile ya juu hufika ukingoni mapema kuliko ya chini na kuiacha nyuma. Tena lau maelezo yale yangekuwa ndiyo sababu, ndege za maonyesho zisingeweza kuruka zikiwa zimepinduliwa tumbo juu, nazo huruka. Ukweli ni kwamba bawa, kwa mviringo wake na kwa ule ukingo wake wa mbele kuinuliwa kidogo, huitupa hewa chini, na kwa kuitupa hewa chini lenyewe husukumwa juu. Ile tofauti ya mkandamizo baina ya juu na chini si sababu ya pili. Ndiyo mkono unaoufikisha msukumo huo kwenye bawa. Aliyewahi kusimama karibu na helikopta ikitua, buibui lake likapeperuka na mchanga ukamjaa machoni, ameuhisi huo upepo utupwao chini, kwani mapanga ya helikopta si chochote ila ni mabawa yanayozunguka.

Wanaopenda kujaribu wana majaribio mawili yasiyogharimu kitu. La kwanza ni la jikoni. Fungua mfereji, maji yatoke kama uzi wa kidole kimoja. Shika kijiko kwa ncha ya mpini, legelege, kining'inie, kisha ukisogeze mpaka mgongo wake uguse maji. Mtu hutazamia maji yakisukume kijiko pembeni. Kinyume chake, kijiko huvutwa ndani ya maji, na maji hupinda yakaufuata mgongo wake na kutupwa upande wa pili. Maji yana mnato mkubwa kuliko wa hewa, kwa hivyo mfano huu haukutimia kila upande, lakini jicho hulizoea jambo lenyewe: kitu cha mviringo hugeuza njia ya kinachopita juu yake, nacho kikasukumwa upande wa pili. Jaribio la pili ni la watoto, katika boti ya mashine ya kwenda Mokowe. Mtoto na anyooshe mkono nje, mbali na maji, kiganja kikiwa kimelala. Hatahisi kitu ila upepo. Sasa na auinue upande wa kidole gumba kidogo tu. Mkono utapanda wenyewe. Akizidi kuuinua mpaka kiganja kisimame wima, hautapanda tena bali utasukumwa nyuma kwa nguvu. Mambo yote matatu yanayompata rubani yamo katika mkono huo, na lile la tatu nitalirudia.

Kuna hesabu moja ambayo kila ninapoifikiri hunistaajabisha. Ndege ndogo za rafadha moja, aina ya Cessna Caravan, ambazo kwa miaka mingi zimechukua wasafiri wa Lamu, zikiwa zimejaa watu na mafuta huwa na uzito wa karibu tani 4. Mabawa yake yana eneo la mita za mraba 26, kama la sebule pana. Kila mita moja ya mraba basi inabeba kilo 150 na ushei. Tumekwisha kusema kwamba hewa, hata ikiwa imetulia, hukandamiza kila mita moja ya mraba kwa tani 10. Maana yake ni kwamba ndege ile haihitaji miujiza ili ipae. Yatosha mkandamizo wa juu ya bawa upungukiwe kuliko ule wa chini kwa kiasi cha moja na nusu katika mia, basi. Zile ndege kubwa zaidi za rafadha mbili, aina ya Dash 8-400, ambazo uzito wake unakaribia tani 30, zahitaji tofauti isiyotimia tano katika mia. Mama aliyesema kwamba hakuna kitu chini ya ndege, chini yake pana nguvu tele, na ndege hutumia sehemu yake ndogo.

Ikishapaa na kutulia katika kimo chake, nguvu nne hushindana juu yake. Walimu wa sayansi huziita kani. Uzito huivuta chini, na kani ya mabawa huiinua. Rafadha huivuta mbele, na hewa huikinza kwa mbele, kama maji yanavyokikinza chombo. Mtu hudhani kwamba ndege inayokwenda kasi lazima rafadha ziwe zinashinda ukinzani wa hewa. La. Katika safari iliyotulia nguvu hizo zimelingana, mbili mbili, na ndege huendelea na mwendo wake kwa kuwa kitu kilichomo mwendoni hakiachi mwendo wake mpaka kitokee cha kukibadilisha. Kwa sababu hiyo abiria wa ndege ya Jidda, aendaye kilomita 800 na zaidi kwa saa, hunywa chai yake na chai haimwagiki. Mwili hauhisi kasi, huhisi mabadiliko ya kasi tu.

Nitakaa kidogo kwenye mizani, kwani hapo ndipo ugomvi wa Manda unapokuwa. Akina mama hulalamika, na malalamiko yao nayaelewa: mtu anakwenda kumwona bintiye aliyezaa Nairobi, amechukua achari, mabuyu, samaki mkavu, halua na mkeka, akifika pale mizigo inapimwa na kilo 15 ni mwisho. Katika ndege ndogo yawezekana hata abiria mwenyewe akaombwa apande mizani mbele za watu, na aibu hiyo si ndogo kwa mwanamke mstahiki. Nami naona maofisa wangeweza kulifanya kwa sitara zaidi. Lakini jambo lenyewe si uchoyo. Mabawa yana kikomo cha kile yawezacho kuinua kwa kasi ile, na kila kilo inayoongezwa huirefusha mbio ya ardhini kabla ya kupaa. Zaidi ya hapo, uzito hauhesabiwi kwa wingi wake tu bali pia kwa mahali ulipo. Muulize mpakizi yeyote wa jahazi la boriti, atakwambia kuwa shehena ile ile ikirundikwa tezi, chombo huinua omo na kukataa usukani, na ikipangwa vyema na farumi ikakaa mahali pake, huwa chombo cha kustarehesha. Ndege ni hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu haina maji ya kuiegemea. Uzito ukizidi nyuma, pua huinuka pasipo rubani kutaka, na rubani akawa anapigana na chombo chake. Ukiambiwa uhamie kiti cha mbele na kiti ulichokichagua kikabaki kitupu, usidhani umedharauliwa, umefanywa farumi.

Na mizani ya Nairobi huwa na ukali kuliko ya Manda. Kiwanja cha Manda kiko usawa wa bahari, na kile cha Wilson kiko mita 1,690 juu yake. Hewa ya huko ni nyembamba. Mchana wa jua hupungua uzito kwa takriban sehemu moja katika sita ukiilinganisha na ya kwetu. Bawa lile lile, kwa kasi ile ile, hupata hewa kidogo ya kutupa chini, kwa hivyo ndege hubidi ikimbie zaidi au ipakie kidogo. Joto nalo hufanya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa hewa ya moto hutanuka. Upepo wa mbele, kwa upande wake, ni sadaka. Caravan huhitaji upepo wa kilomita 130 hivi kwa saa juu ya mabawa yake ili iiache ardhi. Kusi ikivuma kwa kilomita 30 na ndege ikaelekezwa kwake, tayari imekwisha kupewa 30 kabla ya kuanza kukimbia. Nahodha huutaka upepo ubavuni au nyuma. Rubani anayepaa huutaka usoni.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, na waliotangulia kuitafuta walikuwamo watu wetu. Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, Andalusi, katika karne ya 9, aliyejivika manyoya, akajifanyia mabawa mawili, akajitupa kutoka mahali pa juu, akaenda kitambo hewani, kisha akatua vibaya akaumia mgongo. Al-Maqqari, aliyeihifadhi habari hiyo karne nyingi baadaye, ametaja na ila yake: hakuwa na mkia, naye hakujua kuwa ndege hutua kwa kutumia mkia wake. Ila hiyo ni fizikia safi. Mabawa huinua, lakini mkia ndio unaoizuia pua isipande wala kuzama, na mpaka leo hapana ndege ya abiria inayotoka kiwandani bila mkia. Yuko na Al-Jawhari, mwenye kamusi ya As-Sihah ambayo wanafunzi wa Kiarabu hawaachi kuirejea, aliyejifungia mabao mawili kama mabawa na kujirusha kutoka dari la msikiti huko Nishapur mwanzoni mwa karne ya 11, akafa. Alikuwa imamu katika lugha. Katika hewa hakuwa na mwalimu. Ilikuwa mpaka tarehe 17 Desemba 1903, ndipo ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliporusha chombo chenye mashine na kukiongoza, na ruko lao la kwanza lilidumu sekunde 12. Kabla ya hapo walikuwa wamepima maumbo mengi ya mabawa madogo ndani ya sanduku la upepo, jambo ambalo Al-Jawhari hakulifanya.

Qur'ani, katika Sura ya Al-Mulk, yatutaka tuwatazame ndege walio juu yetu, na yatukumbusha ni nani awashikaye. Baadhi ya watu wamefahamu kwamba kuuliza jinsi wanavyoshikwa ni kupunguza imani. Mimi sioni hivyo. Dua tuisomayo tunapopanda chombo imejengwa juu ya neno la kutiishwa, na kitu kilichotiishwa kina njia ya kutiishwa kwake. Hewa imetiishwa kwa kanuni isiyobadilika, Manda na Jidda, leo na wakati wa Ibn Firnas. Msichana wa sekondari hapa Lamu anayeisoma kanuni hiyo katika somo la fizikia hajatoka katika kuisoma dua.

Narudi kwenye hofu, kwani hofu ina sauti na mitikisiko yake maalumu, na inafaa kila moja ijulikane. Dakika chache baada ya kupaa, mngurumo wa mashine hupungua ghafla na abiria akahisi kama anashuka. Mashine haijazimika. Kupanda kunahitaji nguvu nyingi, na rubani amepunguza nguvu hiyo makusudi kwa kuwa haihitaji tena. Ndege ikilala upande mmoja, ni kwa sababu haina njia nyingine ya kugeuka. Yailaza kani ya mabawa kidogo ili sehemu yake iivute kandoni, kama chombo kinavyolala kikishika bisho. Mtikisiko ndani ya mawingu, hasa alasiri juu ya mabonde ya Tana ardhi ikiwa imechemka, ni mawimbi ya hewa inayopanda na kushuka. Mabawa yakionekana yakipinda, hiyo ni salama yao, kama mnazi unavyosalimika kwa kuinama. Ndege za abiria hutengenezwa ziweze kubeba mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotazamiwa kuzifika. Mtikisiko humuumiza zaidi yule aliyefungua mkanda wake.

Mashine ikizimika kweli je? Mwewe huyazungukia mapaa yetu muda mrefu bila kupiga bawa hata mara moja. Ndege isiyo na mashine nayo haianguki kama jiwe. Hutelemka kwa mteremko, ikibadilisha kimo kwa mwendo, na maadamu ina mwendo mabawa yake hufanya kazi. Tarehe 24 Agosti 2001, ndege kubwa ya shirika la Air Transat iliishiwa mafuta juu ya bahari ya Atlantiki, mashine zake zote mbili zikazimika. Ikateleza hewani dakika 19, ikapita kilomita 120 hivi, ikatua katika kisiwa kimoja cha Azores, na watu wote 306 wakasalimika. Hatari ya kweli ni lile jambo la tatu la mkono wa mtoto. Bawa likiinuliwa mno, kupita nyuzi 15 hivi, hewa hushindwa kuufuata mviringo wake, ikabanduka, na nguvu ya kuinua ikaanguka. Nahodha aliyekaza demani kupita kiasi na chombo kikamfia mkononi ajua maana yake. Dawa yake ni kuinamisha pua ili mwendo urudi, na marubani hufundishwa jambo hilo mara kwa mara.

Wala siwafichi kwamba ajali hutokea. Wengi wenu mliziona picha za Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa ikikaribia kutua katika hali mbaya ya hewa ilipoanguka ndani ya Ziwa Victoria. Watu 19 walikufa, Mwenyezi Mungu awarehemu, na 24 waliokolewa, wavuvi wakiwa miongoni mwa wa kwanza kuwafikia. Hewa iliyo karibu na ardhi wakati wa dhoruba hugeuka ghafla, na ndege inayotua ina kimo kidogo cha kujikomboa. Kwa hiyo ukiambiwa Manda kwamba ndege imechelewa kwa sababu ya mvua, kaa, funga swaumu ya maneno, na uchukue tasbihi yako.

Kutua kwenyewe kuna kelele tatu. Ya kwanza ni ya vibao vya nyuma ya mabawa vikitandazwa. Bawa hupanuka na kuzidi mviringo ili liweze kubeba kwa mwendo mdogo, na ndege huhisi kama imeshikwa na mkono. Ya pili, kwa zile ndege kubwa zaidi, ni kishindo cha magurudumu yakiteremshwa. Ya tatu ndiyo inayowatisha wengi: magurudumu yamekwisha kugusa, watu wanahimidi, na mara mashine zanguruma kuliko zilivyonguruma wakati wa kupaa. Hapo rubani amegeuza mapanga ya rafadha ili yaitupe hewa mbele badala ya nyuma. Ndege yajizuia kwa kuusukuma upepo, kama boti inavyopigwa rivasi inapokaribia gati.